Mali Bila Daftari: Mwongozo wa Sayansi na Mazingira kwa Walimu na Wanafunzi wa Wiyoni

Matangazo ya mashindano ya sayansi, mafunzo ya walimu na ufadhili wa klabu za mazingira hutoka Nairobi au Mombasa, na mara nyingi hufika Lamu siku chache kabla ya fomu kufungwa. Mwalimu wa Wiyoni huyasoma kwenye simu, hupiga hesabu ya nauli, kisha huendelea na somo lake. Mwongozo huu unashauri njia nyingine: msianze kwa kutafuta nafasi, anzeni kwa kuweka kumbukumbu. Karibu kila mlango utakaoubisha utakuuliza jambo lile lile: mmepima nini, wapi, na kwa muda gani? Shule yenye daftari la miezi sita ina la kujibu. Wafanyabiashara wa pwani husema mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo unaifaa sayansi vilevile.

Wiyoni, mtaa wa mji wa Lamu, ina mali ya kutosha. Mwanafunzi anaweza kwenda kwa miguu hadi ufuoni, kwenye mikoko, visimani na kwa mafundi wa vyombo. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Shule nyingi za bara hukodi basi ili watoto wakaone maji yakipwa. Nyinyi mnahitaji ruhusa na viatu vya kukanyagia matope tu.

1. Chagueni swali moja, dogo, linalopimika

"Uchafuzi wa mazingira Lamu" ni jina la kitabu. Swali la mradi linataja kitu cha kuhesabu, mahali pa kukihesabia na kitu cha kulinganisha nacho. Yafuatayo ni maswali manne yanayofaa Wiyoni. Chagueni moja na muwe nalo mwaka mzima.

*Mbu na maji ya nyumbani.* Mwaka 2004 Lamu ilikumbwa na mlipuko wa homa ya chikungunya. Uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba mwaka huo ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameshaambukizwa. La kushangaza ni kwamba mlipuko huo ulikuja wakati wa ukame, msimu ambao wengi hudhani mbu wamepungua. Maelezo waliyoyatoa watafiti yanahusu maji yanayohifadhiwa majumbani: maji yakiwa haba, pipa halimwagwi wala halisuguliwi, na mbu aina ya Aedes hutaga humo humo. Kutoka pwani ya Kenya ugonjwa ulifika Comoro mwaka 2005, ukaenea katika visiwa vingine vya Bahari ya Hindi na hatimaye India.

Historia hiyo inawapa wanafunzi wenu swali tayari: je, chombo chenye kifuniko kina viluwiluwi wachache kuliko kisicho na kifuniko? Na samaki wadogo ambao wenyeji wa Lamu tangu zamani huwaweka ndani ya birika la chooni, je, wanapunguza mbu kweli, na kwa kiasi gani? Kila mwanafunzi akague vyombo vya kwao mara moja kwa wiki mbili. Achote kwa kata ya ukubwa ule ule, amimine kwenye bakuli jeupe na ahesabu. Wafundisheni pia kutofautisha: kiluwiluwi wa Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji, ilhali wa Aedes na wa Culex huning'inia kichwa kikiwa chini. Yai la Aedes huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili, kwa hiyo viluwiluwi wakishahesabiwa wamwagwe kwenye mchanga mkavu. Wasifugwe darasani.

*Mikoko.* Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko, na wakata boriti wa Lamu huitambua kwa gome na mizizi bila kufungua kitabu. Mlilana husimama mbele, maji yanakofika kwanza. Nyuma yake huja mkoko wenyewe wenye mizizi ya magongo, kisha muia na mkandaa. Mchu hustahimili chumvi nyingi, nao huonekana hata nyuma kabisa, mahali panapofikiwa na maji ya bamvua tu.

Pimeni kiwanja cha mita 10 kwa 10, mkitie alama kwenye pembe, kisha hesabuni miti hai, miche na visiki. Zungushieni mti utepe wa fundi cherehani kwa urefu wa sentimita 130 kutoka chini, mgawe mzingo kwa 3.14, mpate kipenyo. Kwa mkoko wenye mizizi ya juu, pimeni sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho. Baada ya hapo pangeni miti kwa majina ya biashara: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Wanafunzi wataona wenyewe ni unene gani umebaki na upi umekatwa mno.

Kama shule imewahi kushiriki kupanda mikoko, hapo pana mradi mzuri zaidi. Sherehe za kupanda ni nyingi, ila hesabu ya miche iliyobaki hai ni adimu. Rudini mahali hapo baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili, mwandike iliyokufa na iliyosalia. Mche wa mkoko ukipandwa kwenye tope linalofunikwa na maji muda mrefu mno hauponi, hata ukipandwa na mgeni mashuhuri mbele ya kamera. Hesabu yenu inaweza kuuonyesha ukweli huo.

*Maji ya kisima.* Maji matamu ya kisiwa yameelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa makadirio ya kisayansi, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huambatana na takriban mita 40 chini ya usawa huo. Ndiyo maana maji yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda kutoka chini. Vilima vya mchanga vya Shela ni muhimu kwa mji mzima kwa sababu mvua hupenya humo na kuhifadhiwa. Kwa kipima chumvi kidogo cha mkononi, pimeni visima vitano au sita, vingine karibu na bahari na vingine mbali, mara moja kwa mwezi. Linganisheni masika na kaskazi, bamvua na maji mafu. Lakini msitangaze kisima "salama" kwa kipimo hicho. Kinapima chumvi, hakioni vijidudu.

*Taka za ufuoni.* Chagueni mita 100 za ufuo, mzisafishe zote siku ya kwanza, kisha rudini mahali pale pale kila mwezi. Tenganisheni: chupa, vifuniko, ndara, nyavu na kamba, mifuko, vipande visivyotambulika. Hesabuni na mpime kwa mizani. Andikeni pia upepo ni kusi au kaskazi, maana taka zinazoletwa na bahari si lazima ziwe zile zilizotupwa na mtaa. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuwa mada ya mashindano.

2. Pangieni kazi kwa mwezi mwandamo

Ratiba ya shule inafuata jua, bahari inafuata mwezi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, yaani mnamo tarehe 2 au 3 na tarehe 16 au 17 za Kiislamu. Kwenye pwani ya Kenya, maji ya bamvua hupwa kabisa katikati ya asubuhi, kati ya saa nne na saa tano. Ni bahati kwa mwalimu: kazi ya mikokoni na ufuoni inaingia ndani ya saa za shule, haigongani na chuo cha alasiri wala na giza. Siku za maji mafu maji hupwa alfajiri na tena mnamo saa kumi jioni, na hata hivyo hayaendi mbali. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Basi tundikeni kalenda mbili darasani, ya masomo na ya Hijria, mzungushie siku za kutoka mapema mwanzoni mwa muhula. Mwezi wa Ramadhani fanyeni kazi za kivulini: kuchora grafu, kuandika ripoti, kukagua mapipa ya maji.

Lamu ina pia kipimo rasmi cha maji ya bahari, kimojawapo katika mtandao wa dunia wa GLOSS, na takwimu zake husomwa bure kwenye intaneti. Hata mawimbi ya tsunami ya Desemba 26, 2004 yalinaswa na kipimo hicho. Simamisheni mti wenye alama za sentimita ufuoni, wanafunzi wausome kila nusu saa kwa asubuhi moja, halafu walinganishe mchoro wao na wa kipimo rasmi. Ni somo zima la hisabati, fizikia na jiografia.

3. Namna ya kuandika daftari

Tumieni daftari moja gumu, si karatasi zilizotawanyika. Kila ukurasa uwe na tarehe ya kawaida na ya mwezi mwandamo, saa, mahali, majina ya waliopima, hali ya upepo na mvua, kifaa kilichotumika, na namba. Andikeni kwa kalamu ya wino. Aliyekosea apige mstari mmoja juu ya namba na aandike sahihi pembeni, asifute. Waamuzi na watafiti huliamini daftari lenye masahihisho kuliko lililo safi mno.

Sifuri nayo iandikwe. Ziara isiyoona kiluwiluwi hata mmoja ni matokeo. Na kila mwisho wa mwezi pigeni picha kurasa zote kwa simu, mzihifadhi mahali pawili, kwa sababu unyevu na chumvi ya Lamu hula karatasi.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: daftari, kamba ya mita 10 yenye mafundo, utepe wa kupimia, bakuli jeupe, kata, rula, mizani ya dukani ya kuazima, na simu moja. Kipima chumvi ndicho pekee kinachohitaji kuchangiwa.

4. Waulizeni wanaojua, na muwapime pia

Nahodha wa Kibajuni anayehesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi ana takwimu za vizazi vingi kichwani. Mwombeni aje shuleni, au nendeni kwake baada ya sala, mkimtanguliza mtoto wa jamaa yake ili adabu itimie. Muulizeni mvua ya kwanza ya masika huangukia mwongo gani, samaki gani huja na upepo upi, na ni kipi kimebadilika tangu alipoanza kuvua. Andikeni alivyosema kwa maneno yake. Kisha linganisheni na rekodi za mvua kutoka Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Pale zinapoafikiana na pale zinapopishana, pote ni pa kujifunza, na mzee arudishiwe matokeo. Mtu aliyetoa elimu yake ana haki ya kujua imetumikaje.

Wakata mikoko, wavuvi wa kike kwa wa kiume, na viongozi wa kamati ya ufuo yaani BMU, nao wapewe heshima hiyo hiyo. Katika ripoti watajwe kama wataalamu, kwa idhini yao.

5. Milango ya wanafunzi

*Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, KSEF.* Huu ndio mlango mkubwa wa sekondari za umma. Mradi hubebwa na wanafunzi wasiozidi wawili, na hupanda ngazi kutoka shule hadi kaunti ndogo, kaunti, eneo na taifa. Kipo kitengo cha sayansi ya mazingira, lakini utafiti wa mbu unaweza kuingia biolojia, na kifaa cha kuchuja maji kikaingia uhandisi. Waamuzi huwauliza wanafunzi, si mwalimu. Kwa hiyo wafanye mazoezi ya kujibu kwa nini walichagua sampuli ile, walilinganisha na nini, na nini kingeweza kuwapotosha. Mashindano huanza mapema muhula wa kwanza, na mradi wa kuanzia Januari umeshachelewa. Anzeni muhula wa pili wa mwaka uliotangulia.

*Young Scientists Kenya.* Mpango huu ulianzishwa mwaka 2017 ukifuata mfano wa Ireland, nao huandaa maonyesho ya taifa kwa wanafunzi wa sekondari. Wazo huwasilishwa kwanza kwa maandishi mafupi, na hapo ndipo daftari linapowatoa wengi kimasomaso: aya moja yenye namba halisi kutoka Wiyoni ina uzito kuliko kurasa tatu za nia njema.

*Eco-Schools.* Kwa Kenya inaratibiwa na shirika la KOEE tangu 2003, na inapokea shule za msingi na za sekondari. Ina hatua saba: kamati ya shule yenye wanafunzi, ukaguzi wa mazingira ya shule, mpango wa kazi, ufuatiliaji, kuunganisha na masomo, kushirikisha jamii, na ahadi ya shule. Shule inayotimiza masharti hupewa bendera ya kijani. Hatua ya pili na ya nne ni kazi tupu ya daftari.

*Wildlife Clubs of Kenya.* Klabu hizi zilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968, na zina jarida lao, Komba. Ni mlango rahisi kwa shule ya msingi, kwa kuwa hauhitaji mradi uliokamilika. Mnajiandikisha, mnapata vitabu, mashindano ya insha na michoro, na mtandao wa shule nyingine.

*GLOBE.* Ni mpango wa kimataifa ambao Kenya ni mwanachama, unaowapa wanafunzi taratibu za kupima mawingu, mvua, joto, maji na miti, kisha vipimo vyao huingia kwenye hifadhi ya dunia. Programu yake ya simu, GLOBE Observer, ina sehemu ya mazalio ya mbu. Kwa klabu iliyochagua swali la kwanza, kazi ya kila wiki mbili inaweza kuingizwa humo moja kwa moja.

*iNaturalist.* Piga picha ya kaa, ndege au ua la mkandaa, itume, na wajuzi wa dunia watasaidia kutambua ni nini. Watoto walio chini ya miaka 13 wasifungue akaunti zao. Tumieni akaunti moja ya klabu iliyo mikononi mwa mwalimu, na msionyeshe mahali halisi pa kiota cha kasa.

*4K Club.* Zilifufuliwa kitaifa mwaka 2021. Bustani ya mboga yenye vipimo vya maji na mbolea ni mradi halali wa sayansi, na chakula hubaki shuleni.

Kwa vijana wa miaka 13 hadi 19 wenye mtandao na mtu mzima wa kuwasimamia, kuna pia tuzo ya kimataifa ya Earth Prize. Maombi ni kwa Kiingereza, basi mshirikisheni mwalimu wa lugha tangu mapema.

6. Milango ya mwalimu

CEMASTEA, kituo kilichoko Karen, Nairobi, huwafunza walimu wa hisabati na sayansi waliomo kazini. Fuatilieni ratiba yake kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na jina lako lifikishwe mapema na mwalimu mkuu. Ukirudi, wafunze wenzako ndani ya wiki mbili na uweke kumbukumbu ya kikao hicho, kwani itakusaidia unapoomba mara ya pili.

Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ilianzishwa mwaka 1979 na makao yake yako Mombasa. Watafiti wake wamefanya kazi ya mikoko kwa miaka mingi huko Gazi, Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni tangu 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, na sehemu ya fedha ikaenda kwenye shule na maji ya kijiji. Hakuna mnunuzi ambaye angelipa bila vipimo vya miti. Wasimulie wanafunzi kisa hicho kabla ya kuwapeleka tope la magotini.

Kitabu kilichohaririwa na Matthew Richmond kuhusu viumbe vya fukwe za Afrika Mashariki, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1997, kinafaa kuwemo katika kila maktaba ya shule ya pwani. Tazameni pia kazi za WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari chenye makao Zanzibar, na Kisiwa cha Chumbe, ambako wanafunzi na walimu wa Unguja hufundishwa juu ya matumbawe wakiwa ndani ya maji. Huko Watamu, Local Ocean Conservation na A Rocha Kenya wana uzoefu wa muda mrefu na shule. Hata kama hamtasafiri, andikeni mwombe nakala za vifaa vyao vya kufundishia.

Mtaala wa umilisi nao unawapa nguvu. Sayansi Jumuishi ya sekondari msingi inadai uchunguzi wa vitendo, na sekondari pevu ina huduma kwa jamii kama sehemu ya masomo. Andika kazi ya klabu kwenye andalio la somo, na mwalimu mkuu hatakuwa na sababu ya kuiona ni starehe.

7. Pa kwenda bila kupanda gari

Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na imekuwa na maonyesho ya mazingira na maktaba. Kliniki ya punda iliyofunguliwa na Donkey Sanctuary mwaka 1987 inafundisha biolojia na taka kwa pamoja: punda anayelishwa na mtaa humeza plastiki pia.

Kwa wanaosoma taka, nendeni kwa Flipflopi. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda hapa Lamu jahazi la plastiki iliyorejelewa, kwa takriban tani 10 za taka na ndara 30,000. Liliteremshwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Wanafunzi wasiridhike kupiga picha. Waulize: plastiki gani huyeyushwa na gani haifai? Ubao wake una uzito gani ukilinganishwa na mbao?

Huko Shela, Lamu Marine Conservation Trust imelinda viota vya kasa tangu miaka ya 1990. Kuona vifaranga wakielekea baharini ni somo kubwa, ila mwanafunzi asimshike kasa wala asifukue kiota. Ni kosa kisheria, na taa za simu huwapoteza.

Kwa madarasa ya juu kuna somo la raia na ushahidi. Juni 26, 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa kilichopangwa kujengwa Kwasasi, na mojawapo ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wapeni wanafunzi muhtasari wa ripoti yoyote ya athari za mazingira, watafute: nani alipima, lini, mara ngapi? Wataisoma kwa jicho jipya baada ya kupima wenyewe.

8. Ruhusa na usalama

Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu tangazo la 1932. Kwa hiyo barua iende kwa Huduma ya Misitu, KFS, hata kama hamkati kitu. Kwa kasa na wanyama wengine, Huduma ya Wanyamapori, KWS. Kwa ufuo, viongozi wa BMU. Kwa nyumba za watu, wazazi, na msichana asitumwe peke yake nyumba asiyoijua. Barua fupi inatosha:

"Kwa Msimamizi wa Misitu, Lamu. Assalaam aleikum. Klabu yetu ya mazingira ina wanafunzi 16 na walimu wawili. Tunaomba ruhusa ya kupima kiwanja kimoja cha mikoko cha mita 10 kwa 10 karibu na Wiyoni, mara moja kwa mwezi kuanzia Juni hadi Februari, saa tatu hadi saa sita asubuhi. Hatutakata wala kuondoa chochote. Tutawaletea nakala ya matokeo kila mwisho wa muhula. Tutashukuru tukipata afisa wa kutuongoza siku ya kwanza. Mwalimu mlezi wa klabu."

Sentensi ya matokeo ndiyo inayofungua mlango wa pili, basi itimizeni.

Mikokoni ingieni maji yakiwa bado yanapwa, na mtoke kabla hayajaanza kujaa. Mtu mzima mmoja kwa wanafunzi wanane, viatu vilivyofungwa, maji ya kunywa, orodha ya majina inayosomwa wakati wa kuingia na wa kutoka. Atakayepanda mashua avae jaketi la kujiokoa, hata akiwa mtoto wa nahodha.

9. Mwaka wa kazi

*Muhula wa kwanza, Januari hadi Aprili.* Kaskazi. Januari ndege wa maji huhesabiwa duniani kote, na wanafunzi wanaweza kufanya hesabu yao. Wakubwa wanawasilisha KSEF mradi wa mwaka uliopita. Februari 2 ni Siku ya Ardhioevu, Machi 22 ni Siku ya Maji.

*Muhula wa pili, hadi Agosti.* Masika na kusi. Chagueni swali, ombeni ruhusa, anzeni kupima. Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, onyesheni matokeo ya kwanza kwa wazazi. Julai 26, Siku ya Mikoko, hesabuni miche iliyosalia badala ya kupanda mipya.

*Muhula wa tatu, Agosti hadi Oktoba.* Chambueni, choreni grafu, andikeni. Oktoba 10 ni Siku ya Mazingira nchini, fursa nzuri ya kuwaalika KFS, BMU na waandishi wa redio. Kabla ya likizo ndefu, mkabidhini daftari mwalimu na mwanafunzi mmoja anayebaki Wiyoni, ili vipimo visikatike.

Wiki hii fanyeni mambo matatu tu: nunueni daftari, angalieni bamvua ijayo ni siku gani, na pelekeni barua moja. Nafasi zitakuja bila taratibu, kama kawaida yake. Tangazo likifika Alhamisi na fomu zikifungwa Jumatatu, kazi yenu itakuwa kunakili yaliyokwisha andikwa.